Ufunguo wa Kusomea

Waraka ni amana. Mwandishi huandika akaenda zake. Pengine husafiri, pengine hufa. Na msomaji hukaa mbali asimwone. Kati ya hao wawili hakuna mjumbe ila waraka wenyewe. Kwa sababu hiyo watu wa kila zama wametaka mambo mawili katika waraka: kwanza, ufike bila ya kubadilika, na pili, ukisha kufika usomeke. La kwanza lisipofuatwa na la pili, faida yake ni kama ya sanduku lililovuka bahari salama, likafikishwa nyumbani, kisha likaonekana kuwa halina ufunguo.

Insha hii ni historia ya ufunguo mmoja wa zama zetu. Jina lake ni PDF.js. Haukufuliwa kwa chuma wala kwa shaba. Umeandikwa kwa lugha ya kompyuta, na kazi yake ni kuufungua waraka uliomo katika mtandao ili usomeke papo hapo. Watu wengi huutumia kila siku wasijue kuwa upo, kama vile mtu afunguavyo mlango wa nyumba yake asijue jina la fundi aliyetengeneza kitasa. Kumjua fundi si sharti la kuingia ndani. Lakini ni sharti kwa atakaye kujua kwa nini mlango huo haumfungii mtu nje.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Siku moja nililetewa kwa barua pepe fomu ya mazoezi ya kufundisha, ambayo ilitakiwa ijazwe na kurudishwa kabla ya Ijumaa. Nilikwenda mjini kwenye duka moja la intaneti, nikalipia dakika 30, nikaibonyeza faili. Haikufunguka. Kompyuta ilinijibu kuwa haina programu ya kusomea nyaraka za namna ile, na kwamba niitafute. Niliitafuta nikaiona, nikaanza kuipakua. Lakini mtandao ulikuwa mzito, na dakika zangu zikaisha kabla ya programu kufika nusu. Nililipia dakika 30 nyingine. Mara hii programu ilifika, ila kompyuta ilikataa kuipokea, kwa kuwa ruhusa ya kuweka programu mpya alikuwa nayo mwenye duka, naye hakuwapo. Nilirudi chuoni kwa miguu, nauli yangu imekwisha, na neno hata moja la waraka ule sikulisoma. Fomu yangu ilifika Jumatatu, nikapewa shule iliyobaki baada ya wenzangu wote kuchagua.

Sikuwa na mtu wa kumlaumu. Aliyeuleta waraka alitimiza wajibu wake, mwenye duka alilinda mali yake, na mimi sikuwa mvivu. Waraka ule uliletwa kwangu, lakini uwezo wa kuusoma haukuwa wangu. Ulikuwa katika programu, na programu ina mwenyewe. Tangu siku ile swali moja halikunitoka: waraka ni wa nani, wa aliyepelekewa au wa mwenye ufunguo?

Ili kulijibu swali hilo hatuna budi kwenda Marekani, katika jimbo la California. Huko, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, walikuwako wataalamu wawili, John Warnock na Charles Geschke. Walishughulika na tatizo lililowasumbua wengi: ukurasa uliopangwa vizuri katika kompyuta moja ulipotolewa katika mashine nyingine ya kuchapia ulivurugika. Walisaidia kutunga lugha ya kuielezea mashine jinsi ya kuuchora ukurasa, iliyoitwa Interpress. Kampuni haikuharakisha kuitoa kwa watu. Wataalamu hao walichoka kungoja, na mwezi wa Desemba 1982 walianzisha kampuni yao wenyewe. Waliipa jina la Adobe, ambalo ni jina la kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya Warnock. Mwaka 1984 walitoa lugha mpya ya kurasa, PostScript, na mwaka 1985 kampuni ya Apple iliitia katika mashine yake ya kuchapia iliyoitwa LaserWriter. Tazama, msomaji, jinsi historia hii inavyoanza: inaanza kwa watu wawili waliokataa kuona kazi yao ikifungiwa kabatini.

Mwaka 1991 Warnock aliandika mpango mfupi alioupa jina la Camelot. Alitaka waraka wowote, uliotengenezwa kwa programu yoyote, uweze kupelekwa popote, kuonekana katika kompyuta yoyote, na kuchapwa katika mashine yoyote, sura yake ikiwa ile ile. Matokeo ya mpango huo yalitokea mwezi wa Juni 1993: muundo wa nyaraka uitwao PDF, pamoja na programu za Acrobat za kuutengenezea na kuusomea. Maana ya herufi hizo tatu ni muundo wa waraka unaochukulika popote. Lakini mwanzoni hata programu ya kusomea tu iliuzwa dola 50. Aliyeandika alilipa, na aliyetaka kusoma akalipa pia. Watu walisita, na haukupita muda mrefu kabla ya Adobe kuanza kuitoa programu ya kusomea bure.

Haki ni kusema kweli hata kwa yule tunayemlalamikia. Adobe haikuficha kanuni za muundo wake. Ilizitangaza tangu mwaka 1993, na tarehe 1 Julai 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa chenye namba ISO 32000-1. Tangu hapo muundo huo haukuwa tena chini ya amri ya kampuni moja. Basi kizuizi kilikuwa wapi? Kilikuwa katika chombo. Kanuni za kitasa zilikuwa wazi kwa kila fundi, lakini ufunguo ambao watu wengi walikuwa nao mkononi ulitengenezwa na mwenye kampuni, naye peke yake ndiye aliyejua ulivyochongwa ndani.

Ufunguo huo ulipachikwa katika vivinjari, yaani programu za kutembelea kurasa za mtandao, kama kiraka kinavyoshonewa nguo. Kivinjari kilikuwa cha fundi mmoja, na kiraka cha fundi mwingine. Kiraka kilipoharibika, fundi wa nguo hakuweza kukitengeneza, maana hakuruhusiwa kuona nyuzi zake. Baya zaidi, wahalifu walijifunza kutengeneza nyaraka zenye hila ndani yake. Katika miaka ya 2009 na 2010 waraka wa PDF ulikuwa mojawapo ya njia zao kubwa za kuingilia kompyuta za watu. Mtu alifungua barua akidhani anasoma, kumbe anamkaribisha mwizi.

Hapa wanaingia mafundi wa kundi la pili, nao wana historia yao. Tarehe 31 Machi 1998 kampuni ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari mashuhuri na ilikuwa ikishindwa katika biashara, iliutoa hadharani msimbo wa kivinjari chake. Msimbo ni maandishi ya fundi yanayoielekeza kompyuta, neno kwa neno, la kufanya. Kazi iliyozaliwa siku hiyo iliitwa Mozilla. Mwaka 2003 ikawa wakfu unaojitegemea, na mwezi wa Novemba 2004 ikatoa kivinjari cha Firefox. Programu ya namna hii huitwa ya chanzo huria. Maana yake si kwamba hailipiwi tu. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuusahihisha, na kumpa mwingine alichokisahihisha.

Mwezi wa Juni 2011 wahandisi wawili wa Mozilla, Andreas Gal na Chris Jones, walitangaza jaribio lao. Waliuliza hivi: kivinjari chaweza kuchora picha, kuandika herufi na kupanga mistari, kwa nini basi kiazime programu ya nje ili kichore ukurasa wa PDF? Waliamua kuandika kisomeo cha PDF kwa JavaScript, lugha ambayo vivinjari vyote huielewa. Lugha hiyo ilitungwa na Brendan Eich kwa muda wa siku 10 tu katika mwaka 1995, na kwa miaka mingi ilidharauliwa kuwa ni ya kupambia kurasa. Wengi walidhani haitaweza kazi nzito kama hii. Jones na Gal walikuwa na jawabu la kiungwana: ikionekana kuwa kivinjari kina upungufu, kivinjari na kitengenezwe, na kurasa zote za mtandao zitapata faida.

Inafaa tuone jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa maana sifa bila ya maelezo ni kelele. Faili ya PDF husomwa kuanzia mwisho. Mwishoni mwake kuna maneno yanayoonyesha mahali ilipo orodha, na orodha huonyesha mahali kilipo kila kitu: ukurasa huu, picha ile, herufi zile. Kwa hiyo kisomeo hakilazimiki kumeza faili nzima. Ikiwa kompyuta inayotunza waraka inaruhusu, PDF.js huweza kuomba vipande vinavyohitajika tu, na ukurasa wa kwanza ukaonekana kabla ya wa mwisho kufika. Asiyejua thamani ya jambo hili na amwulize mtu aliyewahi kungoja faili kubwa kwa kifurushi kidogo cha intaneti.

Ndani ya kila ukurasa hamna picha ya ukurasa, bali mna amri: nenda mahali fulani, shika herufi za aina fulani, andika neno hili, piga mstari hapa, paka rangi pale. PDF.js husoma amri hizo moja moja na kuzitekeleza juu ya turubai ya kivinjari. Hata kipimo kinatofautiana: PDF huhesabu kutoka pembe ya chini kushoto, kama mwanafunzi achoraye grafu; turubai huhesabu kutoka pembe ya juu kushoto, kama mtu asomaye kitabu. Kisomeo lazima kigeuze kila hesabu. Kisha juu ya mchoro hutandazwa tabaka la maandishi yasiyoonekana, yaliyolingana na yale yanayoonekana. Kwa ajili ya tabaka hilo msomaji aweza kutafuta neno, au kulichagua na kulinakili, ingawa alionalo kwa macho ni rangi tu juu ya turubai.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya herufi. Waraka wa PDF huchukua herufi zake ndani yake, kama msafiri achukuavyo chakula chake. Lakini mara nyingi herufi hizo zina kasoro, na vivinjari hukataa herufi zenye kasoro. Hapakuwa na njia ila kuzitengeneza upya moja baada ya moja. Kila mtu alipoleta waraka uliosomeka vibaya, mafundi waliutafutia dawa, kisha wakautia katika akiba ya nyaraka za majaribio. Tangu hapo kila badiliko hupimwa kwa akiba hiyo, picha ya leo ikilinganishwa na ya jana, ili dawa ya waraka mmoja isiwe sumu ya mwingine.

Tarehe 19 Februari 2013 Firefox ya 19 ilitolewa, na ndani yake mlikuwa na kisomeo hiki. Mwenye kivinjari hakuhitaji tena kutafuta programu, kuipakua, wala kuomba ruhusa ya mtu kuiweka. Pia waraka sasa ulisomewa ndani ya ua lile lile linalozizuia kurasa za mtandao zisifikie mali ya mwenye kompyuta. Wala mafundi hawakuufungia ufunguo wao katika Firefox. Waliutoa kama maktaba. Si maktaba ya vitabu, bali mkusanyiko wa msimbo ambao mtengenezaji wa programu nyingine aweza kuutia katika kazi yake. Leseni yake, iitwayo Apache ya 2.0, inamruhusu mtu kuutumia, kuubadili, hata kuufanyia biashara, maadamu ahifadhi matangazo ya leseni na haki za wenye kazi. Mwaka 2014 kampuni ya Google nayo iliufungua msimbo wa kisomeo kingine cha PDF, kiitwacho PDFium, kinachotumika katika kivinjari cha Chrome.

Je, kufunguliwa kwa msimbo kulimaliza hatari? La, hasha. Tarehe 5 Agosti 2015 mtumiaji mmoja aliiarifu Mozilla kuwa tangazo katika tovuti ya habari ya Urusi lilikuwa likitumia kosa lililohusu kisomeo cha PDF cha Firefox. Kwa kosa hilo, mwizi alivuka ua tuliolisifu hapo juu, akatafuta faili za siri katika kompyuta za watu na kuzichukua. Kesho yake, tarehe 6 Agosti, dawa ilitolewa. Tena mwaka 2024 iligunduliwa kuwa katika sehemu inayoshughulikia herufi, PDF.js ilipokea kitu bila kukihakikisha kuwa ni namba. Mahali pa namba paliweza kutiwa amri, na amri hiyo ikatekelezwa. Kosa hilo lilisahihishwa katika mwaka huo huo. Lakini programu nyingi zilikuwa zimeiazima maktaba hii, na kila aliyeazima alikuwa na wajibu wa kuibadili nakala yake mwenyewe. Aliyelala alibaki na tundu katika ukuta wake.

Mambo haya mawili hayaharibu sifa ya chanzo huria. Yanaiweka mahali pake. Uwazi hauondoi kosa. Uwazi huondoa udhuru. Kosa lililo wazi laweza kuonwa na mgeni, kuelezwa kwa majina yake, na kusahihishwa mbele ya watu. Nasi tukajua lilikuwa nini na limetoka lini. Kosa lililofichwa hungoja hisani ya mwenye kuficha.

Tena tusidhani kuwa kitu kilichotolewa bure hakikugharimu. Miongoni mwa waliojenga PDF.js wamo watu wa kujitolea, lakini wamo pia wahandisi waliolipwa mshahara na Mozilla. Na sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla kwa miaka mingi imetokana na malipo ya kampuni za kutafutia habari mtandaoni, hasa Google. Ni ajabu kidogo kwamba chombo cha uhuru kilishwe na mkono wa tajiri mkubwa hivyo. Sisemi kuwa ni aibu. Nasema kuwa yafaa kukumbukwa. Kisima cha kijiji hakina bei, lakini kisipopata wa kukizibua hukauka, na siku ya kukauka ndipo watu wote hujua kuwa kilikuwa na gharama.

Kwetu Kenya jambo hili si hadithi ya mbali. Gazeti rasmi la Serikali hupatikana katika muundo wa PDF. Mitihani ya miaka iliyopita, fomu za maombi, na hukumu za mahakama husambazwa hivyo hivyo. Raia asiyeweza kuufungua waraka wa namna hiyo amefungiwa nje ya mambo yake mwenyewe, hata kama mlango umeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni wa watu wote. Tangu mwezi wa Oktoba 2022, Firefox ya 106 ilipotolewa, kisomeo hiki humruhusu mtu kuandika maneno na kuchora juu ya waraka. Na mtu aweza kuitimiza fomu ambayo zamani ilibidi ichapwe kwanza.

Mwaka jana nilikuwa nikipanga faili zangu za zamani, nikaikuta ile fomu ya mwaka 2009. Niliwaita wanafunzi wangu wachache katika chumba cha kompyuta, nikaibonyeza mbele yao. Ilifunguka mara moja ndani ya kivinjari, na kila mstari ulikuwa mahali pake. Mpango wa Warnock ulikuwa umetimia: waraka haukubadilika hata nukta. Wanafunzi hawakuona ajabu yoyote. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, ulitaka kutuonyesha nini?" Nilimwambia kuwa nilitaka kuwaonyesha kitu ambacho hakikutokea.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Waraka ni wa aliyepelekewa pale tu ambapo ufunguo wake nao ni wake: auone, aupime, na akiona una kasoro aseme. Wewe kijana usomaye insha hii, msimbo wa PDF.js uko wazi mbele yako kama ulivyo wazi mbele ya mhandisi wa California. Huenda usiuelewe leo. Lakini hakuna aliyekukataza, na jambo ambalo mtu hakukatazwa amebakiziwa mwenyewe kulifanya au kuliacha. Ukikuta waraka usiosomeka, usirudi nyumbani kimya kama nilivyorudi mimi. Sema ulichokiona, na ueleze kwa uangalifu. Kwa taarifa za watu wa namna hiyo, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote, ufunguo huu umechongwa.